Mapigo ya Mama Geneviève

Kila Jumamosi, Mama Geneviève alikuwa wa kwanza kufika kanisani kwa mazoezi ya kwaya ya akina mama. Yeye ndiye aliyeanzisha kila wimbo, na fahari yake hakuificha.

Mwezi mmoja kichwa kikamsumbua. Mwenzake wa kwaya akampa vidonge vyake vya tension, yaani vya shinikizo la damu. Akina mama wale waligawana kila kitu: vitenge, mboga ya sombe, hata dawa. Geneviève akameza kimoja kimoja, halafu viwili viwili. Wiki mbili baadaye, katikati ya wimbo, macho yakaingia giza, akaanguka.

Mume wake, Anaclet, akamkimbiza hospitalini kwa pikipiki. Muuguzi Séphora akamshika mkono, akahesabu mapigo: thelathini na nane kwa dakika. Mtu mzima aliyepumzika huwa na sitini hadi mia. Séphora akaleta mashine yenye nyaya za kubandika kifuani.

Anaclet akaruka kwa hofu ya umeme. "Courant kwa kifua ya bibi yangu? Mutamuua!"

"Papa, tulia," Séphora akasema. "Mashini haitume courant. Inasikiliza tu ile yenye moyo inatoa."

"Moyo yangu iko na courant?" Geneviève akauliza kwa sauti ndogo.

"Iko nayo, mama, kidogo sana. Kule juu, upande wa kuume, kuko fasi, pahali kadogo kenye kuanzisha. Kanatuma alama, vyumba vya juu vinajikaza. Alama inangoja kidogo katikati, kisha inashuka. Vyumba vya chini vinasukuma damu mu mwili yote. Ni sawa weye kwa chorale: unaanzisha, bengine banaitika. Sasa kwako mwenye kuanzisha anachelewa. Ulikunywa dawa gani?"

Geneviève akaona haya. Akafungua fundo la kitenge, akatoa vidonge.

"Ni hii! Inapunguza mwendo ya moyo. Mwenye dokta alimwandikia, aendelee nayo. Weye, ilitaka kukuua."

"Nitaimba tena?" Hilo ndilo lililomtisha kuliko kifo.

"Tutaona, mama."

Daktari akakataza vidonge vile, akampa dawa ya kuusaidia moyo, akamlaza siku nne. Tension yake ikapimwa kila siku. Haikuwa juu hata mara moja. Siku ya nne mapigo yakafika sabini na mawili. Séphora akamwonyesha karatasi ya mashine, mistari ikipanda na kushuka kwa mpango mzuri. Geneviève akaitazama kama mama anayetazama diploma ya mtoto wake.

Jumamosi iliyofuata akasimama mbele ya kwaya.

"Kila mutu ashike mukono yake, hapa chini ya kidole gumba. Munasikia?"

Akina mama thelathini wakaweka vidole mkononi.

"Moyo yako iko na mwenye kuanzisha wake. Hajapumzika tangu ungali mu tumbo ya mama yako. Musimunyamazishe na dawa ya mwingine. Ukiugua, uende kwa dokta."

Kisha akavuta pumzi, akaanzisha wimbo, akausimamia mpaka ubeti wa mwisho.