Matubwitubwi ya Uongo

Kila asubuhi ya mwezi Juni, Leokadia aligombana na blanketi. Yeye alitaka kutoka, blanketi lilitaka abaki, na kwa baridi ile ya vilima vya Tosamaganga, blanketi lilishinda mara nyingi. Mwamuzi wa ugomvi huo alikuwa mama yake.

"Leokadia! Maji hayana miguu! Unadhani yatakuja yenyewe?"

Hapo alijivuta, akamwamsha mdogo wake Kalista kwa kumvuta kidole gumba cha mguu, wakavaa kofia zao za sufu na kushuka kisimani. Wakirudi walifagia uwanja, wakanywa uji wakiwa wamesimama, kisha wakashika njia ya shule, kila mmoja na ukuni wa jiko la mwalimu. Baba yao, Mzee Bartolomeo, alikuwa Mbeya akifanya kazi kwenye reli mpya. Nyumbani walibaki na mama yao, Juliana, pamoja na bibi yao, ambaye masikio yake yalikuwa mazima lakini macho yake yalikuwa yamechoka.

Ilikuwa mwaka 1973, mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Jioni watu walikusanyika kusikiliza redio ya mwenyekiti wa kijiji: chemsheni maji, chimbeni vyoo, osheni mikono. Ilisemwa sana hata kuku wa kijiji, nadhani, walijua.

Leokadia alikuwa darasa la sita. Alichaguliwa kucheza ngoma ya shule siku ya Saba Saba, mjini Iringa, mstari wa mbele kabisa. Furaha hiyo ingetosha, kama si masikio. Wasichana wote wa mstari wa mbele walikuwa wametogwa, isipokuwa yeye. Na kwa kuwa wanafunzi wote walinyolewa vichwa, wavulana kwa wasichana, wenzake walipata la kusema.

"Leokadia, simama mbali na Saulo," alisema Rozalia, mcheshi wa darasa. "Vichwa vinang'aa sawasawa, masikio sawasawa. Mgeni rasmi atajuaje msichana ni yupi?"

Darasa zima lilicheka. Saulo naye alicheka, na hilo ndilo lililomchoma Leokadia zaidi.

Ajabu ni kwamba hereni alikuwa nazo. Shangazi yake Evarista alimletea kutoka Mbeya, nyekundu, ndogo kama punje za mtama. Lakini mama alizifungia sandukuni.

"Utatogwa Desemba, shule zikifungwa," alisema mama. "Tutakwenda kwa muuguzi Damari. Yeye anajua kazi yake, na utapata muda wa kupona."

"Lakini mama, Saba Saba ni mwezi ujao!"

"Na mahindi yako shambani sasa hivi. Masikio hayaozi yakisubiri. Mahindi yanaoza."

Leokadia alijaribu njia ya pili. Alikwenda peke yake kwa Damari, muuguzi wa hospitali ya misheni, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kanisani. "Kamwene, mama," alimwamkia kwa Kihehe, kwa adabu zote alizokuwa nazo. Damari alimtazama, akamtazama tena.

"Kamwene, mwanangu. Mama yako yuko wapi?"

"Shambani."

"Basi akitoka shambani, njooni wote wawili. Mimi simtogi mtoto wa mtu kwa siri."

Jumamosi hiyo Rozalia akamwonea huruma. Alikuwa mcheshi, lakini hakuwa na roho mbaya. "Njoo kwetu," alinong'ona. "Wazee wamekwenda mnadani. Mimi mwenyewe nilitogwa na dada yangu, na unaona? Sikio zima, halina hata alama."

Walipofika nyuma ya jiko la kina Rozalia, waligundua kwamba Kalista amewafuata.

"Nitamwambia mama," alisema Kalista, mikono kiunoni. Alikuwa na miaka minane, na hakuna siri iliyowahi kulala usiku mmoja kinywani mwake.

Leokadia aliwaza haraka. "Na wewe utogwe basi. Hutaki kupendeza?"

Si kwamba alimtakia mdogo wake kupendeza. Alijua kwamba Kalista akishatogwa, naye atakuwa na kosa la kuficha. Kalista hakuliona hilo. Aliona hereni tu.

Rozalia alifanya kazi yake kwa madaha. Aliweka sindano ndani ya kisufuria, akachochea moto mpaka maji yakaruka. "Mtu ni afya, mwenzangu! Ulidhani mimi mshamba?" Akamkalisha Leokadia juu ya kinu kilichopinduliwa, akaweka kipande cha kiazi nyuma ya sikio, akaminya, akachoma. Leokadia aliuma meno. Sikio la pili. Kisha Kalista, ambaye alipiga kelele moja tu, mbuzi bandani wakamjibu.

"Sasa uzi," alisema Leokadia, akifuta machozi.

Rozalia alipapasa mfuko wa gauni. "Uzi umekwisha. Haidhuru, hata mimi niliwekewa njiti." Akatazama huku na huku. Ukutani pa banda la mbuzi palikuwa na ufagio. Akachomoa njiti mbili ndefu, akazikata vipandevipande kwa meno, akavipangusa kwenye gauni lake, na kila tundu likapata mlinzi wake.

Baridi ikawa upande wao. Nani angeuliza kwa nini watoto wamevuta kofia mpaka shingoni mwezi Juni? Mama alirudi kutoka shambani jua likizama, akawaona kwenye mwanga wa kibatari, akafurahi.

"Afadhali siku hizi mnasikia. Vaeni hivyo hivyo, msije mkapata mafua."

Leokadia aliivuta kofia yake chini zaidi.

Siku zilivyokwenda, sikio lake la kushoto likaanza kupwita. Likavimba, likatoa usaha, na chini yake, kwenye pembe ya taya, likatokea tezi. Shavu nalo likajaa. Rozalia alipomchomolea njiti nyuma ya darasa, ucheshi wote ulimtoka. "Langu halikuwa hivi," alisema. "Kweli kabisa, halikuwa hivi."

Bibi aligundua uvimbe kwa vidole, si kwa macho. Alimpapasa shavu juu ya kofia, akatikisa kichwa.

"Matubwitubwi haya! Hakuna kingine."

Leokadia alifungua kinywa aseme kweli. Kisha akakifunga. Matubwitubwi! Ugonjwa wa kila mtoto, usio na kosa wala fimbo! "Ndiyo, bibi," alisema. "Nadhani ndiyo yenyewe."

Basi bibi akachukua masizi ya chungu, akampaka mashavu yote mawili kama ilivyokuwa desturi, akamwambia azunguke mti wa mpichi nyuma ya nyumba akiuambia mti uchukue ugonjwa wake. Leokadia alizunguka. Alipewa uji wenye maziwa, akasamehewa kisima na shule. Kalista alimcheka mpaka akakaa chini: "Dada, umekuwa kama chungu!" Baada ya siku chache usaha ukakauka, uvimbe ukapungua. Bibi alijisifu kwa jirani mmoja baada ya mwingine. Leokadia naye alianza kuamini kwamba amevuka.

Masikio ya Kalista, kwa upande wake, hayakuvimba. Yalikuwa mekundu kidogo tu, na njiti zake zilikaa vizuri. Leokadia aliyatazama kila usiku, akaona hayana neno.

Jumatatu moja asubuhi, Kalista alikataa uji.

"Mdomo unakataa," alisema, maneno yakipita katikati ya meno. "Unakaza hapa."

"Niliwaambia!" alisema bibi kutoka jikoni. "Yanaambukiza hayo. Amempa mdogo wake. Lete masizi."

Mama alikuwa ameshatangulia shambani. Bibi akapaka masizi, Leokadia akashika kibakuli. Ili kumchangamsha mdogo wake, akamwambia, "Leo na wewe umekuwa chungu." Kalista alicheka. Lakini kile hakikuwa kicheko. Midomo ilivutika pembeni, meno yakaonekana, nyusi zikapanda, na machoni hakukuwa na furaha hata chembe. Uso ulibaki hivyo.

Kibakuli kikamponyoka Leokadia, kikagonga jiwe. Kwa mlio huo, mwili mzima wa Kalista ukastuka na kukaza, mgongo ukajipinda, vidole vikajikunja. Kisha ukalegea.

"Ni homa ya matubwitubwi," alisema bibi, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Mzungushe kwenye mti."

Leokadia alisimama pale pale. Kichwani mwake jambo moja lilikuwa wazi, na hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua: Kalista hakuweza kuambukizwa matubwitubwi na yeye, kwa sababu yeye hakuwa nayo. Kama akinyamaza, mdogo wake atazungushwa kwenye mti mpaka jioni. Kama akisema, kila kitu kitajulikana: Rozalia, sindano, ule uji wenye maziwa, kila kitu.

Alitupa kofia yake chini, akakimbia. Alikata katikati ya mabua ya mahindi, majani yakimkwaruza uso, mpaka akamwona mama.

"Mama! Kalista hana matubwitubwi! Hata mimi sikuwa nayo! Tulitogwa, mama. Kwa Rozalia. Nilimshawishi mimi ili asiseme. Sasa mdomo wake haufunguki, na mwili unakaza!"

Mama alitazama sikio la binti yake lililokuwa bado na gamba. Hakumpiga. Aliacha kikapu pale pale kikiwa nusu, akakimbia mbele yake.

Bibi alipoona Kalista anafungwa mgongoni alianza kupinga: "Juliana, ngoja kwanza, masizi hayajakauka..." Mama akamjibu bila kusimama, "Mama, nisamehe. Leo sisubiri." Wakashika njia ya hospitali, Leokadia nyuma akibeba khanga na viatu vya mdogo wake.

Muuguzi Damari ndiye aliyewapokea. Alimwona Kalista mara moja tu, akaita daktari, kisha akageuka.

"Kidonda kiko wapi?"

Mama akafunua masikio. Damari akainama kwa Leokadia. Sauti yake ilikuwa ya chini, maana alijua tayari kwamba kelele zinamwumiza mgonjwa.

"Mlitumia nini?"

"Sindano. Ilichemshwa, mama, naapa. Ilichemka sana."

"Nakuamini. Na kwenye tundu mliweka nini?"

Leokadia akatazama sakafu. "Njiti."

"Njiti za wapi?"

"Za ufagio. Wa banda la mbuzi."

Damari alifumba macho kidogo. "Pepopunda," alimwambia daktari. Na kwa mama akaeleza: vijidudu vyake vinakaa katika udongo na mavi ya wanyama, vinaingia kwa tundu dogo lisilotisha mtu. "Sindano mliichemsha vizuri," alimwambia Leokadia, "kisha mkapanda uchafu katika tundu lenyewe."

Kalista alichomwa dawa, akasafishwa masikio, akalazwa katika chumba chenye giza ambamo hata mlango ulifungwa kwa mikono miwili usije ukalia. Leokadia naye alichomwa sindano ya kinga. Jioni hiyo Rozalia aliletwa na mama yake, akilia tangu getini, naye akachomwa. Hakumtania mtu.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Kila ndoo ilipoanguka nje, mwili wa Kalista ulikaza. Daktari hakumwahidi mama chochote. Baba alikuja kutoka Mbeya, akakaa kwenye benchi la nje kofia mkononi. Saba Saba ikapita. Ngoma ililia mjini, na Leokadia alikuwa nyumbani akichota maji ya watu wawili. Bibi alipika uji, akaupeleka mwenyewe, akausukuma mlango taratibu kuliko wote. Hakutaja tena habari ya masizi.

Mwisho wa mwezi taya lilianza kulegea. Kwanza kijiko cha uji kikapita, kisha maneno machache, kisha maneno mengi mno. Daktari alipomwuliza anajisikiaje, Kalista alimweleza kwa urefu, kuanzia kwenye kinu. Mama alicheka na kulia kwa pamoja.

Siku ya kuruhusiwa, Damari aliwasindikiza mpaka barazani. Matundu ya Kalista yalikuwa yameziba, na ya Leokadia pia.

"Kalista hataki kusikia habari ya hereni," alisema mama. "Na wewe, Leokadia?"

Leokadia alisita. Ilikuwa rahisi kusema hataki, ili aonekane mwema. Lakini alikuwa amechoka na uongo.

"Bado nataka, mama. Desemba, ukikubali." Akamgeukia Damari. "Lakini mama, nikuulize. Wewe sindano yako unaitoa wapi? Na kwenye tundu utaweka nini?"

"Leokadia!" mama akamkemea. "Unamhoji mkubwa?"

"Mwache aulize," alisema Damari, akitabasamu. "Sindano inatoka kwenye chombo cha kuchemshia, haigusi kitu kingine. Naweka uzi niliouchemsha pamoja nayo. Mikono nitanawa mbele yako, na kama nikisahau, nikumbushe." Kisha akawa hana mzaha tena. "Sikiliza, mwanangu. Kutaka hereni si kosa. Kosa la kwanza lilikuwa kumpa mwili wako mtu bila kumuuliza maswali haya. Hilo ni kosa la kutojua, na anayejua atakufundisha. Kosa la pili lilikuwa kuficha, na hilo ndilo lililotaka kutuulia mtoto. Ulipokimbia shambani ukasema kweli, ulichelewa, lakini hukuchelewa sana. Siku nyingine usingoje mpaka umwone mwenzako anakaza mwili. Ukiumia, sema siku ile ile, hata kama kuna fimbo mbele yako. Fimbo inapona."

"Ndiyo, mama," alisema Leokadia.

Mama akamfunga Kalista mgongoni, ingawa alishaweza kutembea. Kalista akaanza kulalamika kwamba yeye si mtoto mchanga, akalalamika barazani, akalalamika getini, akalalamika njia nzima ya kuteremka. Hakuna aliyemwambia anyamaze.