Pini ya Mtandio

Kila Jumamosi asubuhi, kabla kamba za nguo hazijajaa katika ploti yao mtaani Mowlem, Falis na baba yake, Siyad, walitandaza gunia uani wakaihudumia pikipiki. Tangu fundi mmoja alipoirudisha nati zikiwa zimelegea, Siyad hakuipeleka kwa mtu tena. Alikuwa na desturi moja: kila kilichofunguliwa kiliwekwa juu ya kifuniko cha sufuria, na kazi haikuisha mpaka kifuniko kibaki kitupu.

Jumamosi moja Falis, mwenye miaka kumi na miwili, aliisugua cheni kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa. Matone yalidondoka kwenye maji ya sabuni, yakatandaza rangi za upinde wa mvua. Akili yake ikasafiri. Alijiona akiiendesha pikipiki ile juu ya mapaa ya mabati, taratibu, shuka zilizoanikwa zikimpungia kama mawingu. Mtandio ukateleza. Bila kufikiri akaokota kitu kilichokuwa karibu, akaubana, akaendelea kuelea.

Gurudumu lilipokwisha kukazwa, baba aliuliza, "Kifuniko?"

"Kitupu, Aabo."

"Basi umekuwa fundi. Abdijabar, panda. Maalim hasubiri mtu."

Abdijabar, mdogo wake Falis, alirukia nyuma. Madrasa ilikuwa Komarock, kando ya barabara ya Kangundo, ambako malori hayaishi.

Jirani yao Nekesa, aliyekuwa akianika sare, alicheka. "We Falis, siku hizi unajipamba na spea?"

Falis akapapasa kichwa. Vidole vikakuta chuma chembamba chenye miguu miwili. Ilikuwa pini inayoizuia nati ya gurudumu la nyuma isijifungue njiani; aliiokota kifunikoni.

Ndoto zote zikamtoka. Akisema, pengine baba hatamwachia spana tena. Akinyamaza, huenda nati itashika mpaka jioni, airudishe pini kimyakimya. Huenda. Langoni, Abdijabar alikuwa amemkumbatia baba kiunoni, shavu limelala mgongoni. Falis akatoka mbio, ndara moja ikabaki nyuma.

"Aabo, zima. Pini ninayo mimi. Nilibania mtandio."

Siyad akazima injini, akamshusha mtoto. Kisha akampa Falis koleo. Falis akaipitisha tunduni, akaikunja mguu mmoja huku, mwingine kule.

"Sitaigusa pikipiki tena," alinong'ona.

"Nani kakufukuza kazi? Kuota si kosa, mwanangu, ila ota ukishafunga pini. Na ujue hili: kifuniko kilikuwa kitupu, na bado kilitudanganya. Kilichotuokoa ni ulimi wako, uliosema kweli kabla hatujafika barabarani. Ukweli ukichelewa, huwa habari ya msiba."

"Sasa mtandio utabanwa na nini?" Abdijabar aliuliza.

Pikipiki ikaondoka, ikinguruma vizuri. Upepo ukauvuta mtandio mpaka mabegani. Falis akaushika kwa mkono.