Salamu Ndefu za Rachadi

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Echat alikaa na ungo wake kuchagua mchele. Mumewe, Rachadi, aliwasha redio aliyoiunda mwenyewe. Kwa redio hiyo yeye alisema kutoka Moroni, na kaka yake Djaffar akamjibu kutoka Mutsamudu, kisiwa cha pili, alikozikwa baba yao.

Siku moja Rachadi alibonyeza kitufe, akaanza kama kawaida.

"Hujambo, kaka? Mama hajambo? Shangazi Bahiat je? Na wanawe? Na majirani wote wa Hombo?"

Hakumruka mtu, maana kumruka mtu ni dharau. Kidole hakikutoka kwenye kitufe.

Alipokiachia, ilisikika sauti ya mgeni, kwa Kifaransa. "Wewe unayesema, nyamaza. Hii ni ndege. Nina mgonjwa. Nimeita uwanja wa Ouani mara nne."

Rachadi akazima. Ungo ukamponyoka Echat, mchele ukamwagika.

"Wamekusikia," alinong'ona. "Watasema wewe ni jasusi."

Miaka ile mamluki wa kizungu walitembea mjini na bunduki, na aliyeshukiwa alichukuliwa. Gari lilinguruma njiani. Likapunguza mwendo mbele ya nyumba. Echat alimshika mumewe mkono. Gari likaendelea kuelekea Ikoni.

Kisha mlango ukagongwa.

"Fungueni, ni mimi," alisema mjomba wake Echat, mzee Moindjié, jirani yao na fundi wa mitambo ya posta. "Nilikuwa nasikiliza redio yangu. Ndege imetua salama. Lakini wewe, mkwe, umesalimia ukoo mzima hewani. Umebakiza mbuzi tu."

Echat aliinama kuokota mchele.

"Sikujua niko kwenye njia ya ndege," alisema Rachadi.

"Ndiyo maana kuna mtihani kabla ya leseni. Hewani kuna njia, na kila kazi ina yake. Mashine isiyopimwa huteleza ikaingia njia ya wengine. Mtihani unataka ujue kuipima. Usikilize kwanza, ndipo useme. Useme kifupi, maana ukishikilia kitufe mwenzako hasikiki. Na utaje jina la kituo chako, ulilopewa na serikali. Asiye na jina hewani siku hizi huitwaje?"

"Jasusi," alijibu Echat.

"Na nyumba hii ni ya mkeo, mkwe, kama ilivyo desturi yetu. Wakija, watavunja mlango wake."

Rachadi alishusha waya wa redio kutoka paani siku hiyo hiyo. Alisoma kwa Moindjié miezi mitatu. Mara ya kwanza alianguka mtihani kwenye swali la kukinga mashine na radi. Mara ya pili alifaulu. Djaffar naye alifaulu Mutsamudu.

Leseni ikabandikwa ukutani. Alasiri ile Echat alishika ungo, sikio likiwa barabarani. Gari lilipita. Rachadi hakuzima. Alisikiliza kwanza. Njia yake hewani ilikuwa tupu. Akataja jina la kituo chake, na Djaffar akajibu.

Rachadi alifungua kinywa aanze salamu. Akakitazama kitufe.

"Kaka," alisema, "sikuja kumzika baba. Niliwaogopa askari wa uwanja wa ndege. Nisamehe."

Akaachia kitufe.