Tabaka Lisilo na Mwenyewe

Kifutio hakuwahi kuchora kope namna ile, na hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Chuoni walimpa jina hilo kwa sababu alifuta kuliko alivyochora, na kitu alichokifuta kuliko vyote kilikuwa macho. Asubuhi hiyo alifungua kishikwambi chake aendelee na picha ya mama yake, akakuta macho yamekamilika: kope moja moja, unyevunyevu kwenye kona, na ndani ya kila mboni dirisha dogo la sebule yao. Jana yake alikuwa ameacha viduara viwili vitupu.

Wanaochora kwenye kioo huchora kwa matabaka, kana kwamba wanapanga nailoni angavu moja juu ya nyingine. Mchoro wa haraka unakaa chini, juu yake mistari safi, kisha rangi, kisha kivuli. Ukikosea kivuli, rangi yako haiguswi. Kifutio alikuwa na mazoea ya kulipatia kila tabaka jina. Macho yale yalikaa juu ya mengine yote, kwenye tabaka lisilo na jina.

"Mama, umeshika kishikwambi changu?"

"Mwanangu, hata kukiwasha sijui," alijibu mama yake kutoka kwenye cherehani. "Niache nitunge uzi."

Mama alikuwa fundi wa nguo, na sebule yao ya ghorofani ndiyo ilikuwa duka lake. Mradi wa mwisho wa Kifutio chuoni ulikuwa yeye huyohuyo: mama akikata, mama akipinda, mama ameinamia sindano. Alikuwa amefanya kila kitu isipokuwa macho, na mikono iliyokuwa bado mchoro wa haraka. Mwalimu wake alikuwa amemwambia mbele ya darasa zima kwamba watu anaowachora wamekufa machoni, na darasa likacheka, na yeye akacheka nao huku moyo ukimwuma.

Kwa hiyo hakufuta. Hapa ndipo ninapomkasirikia, ingawa nampenda. Msichana anayefuta mistari yake mwenyewe mpaka kioo kinapata joto alikuta kazi ya mkono asioujua, akaipeleka kwa mwalimu. Mwalimu akaitazama, akavua miwani, akaitazama tena. "Sasa umefika," akasema. Kifutio akatoka pale kichwa kimevimba. Kwenye ngazi za chuo akayaunganisha matabaka yote yakawa picha moja, akahifadhi, akafunga. Mchoraji akishafanya hivyo hakuna kurudi nyuma. Ni kama chumvi iliyokwisha kukorogwa mchuzini.

Alipofika nyumbani, mama alikuwa amekaa palepale.

"Mbona dirisha limefungwa?"

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limejaa mpaka kwenye pedali ya cherehani.

"Liko wazi, mama."

"Basi ni mawingu." Akavuta kitambaa, akakanyaga. Cherehani ikakoroma, ikakwama. "Kitambaa hiki kimegoma. Hebu nitazamie nimeshona nini."

Alikuwa ameshona kidole chake. Sindano ilikuwa imepita katikati ya ukucha na uzi mweupe ulikuwa unageuka mwekundu, na mama alikuwa ameinamisha uso juu yake bila kuona kitu. Kifutio aliichomoa sindano, akakifunga kidole, kisha akamshika mama kidevu na kumgeuzia kwenye mwanga. Macho yalikuwa mazima, hayana utando wala wekundu, ila ndani ya mboni hapakuwa na dirisha. Na sebuleni pakawa na harufu ya nguo iliyoungua, wakati pasi ilikuwa baridi tangu jana.

Daktari wa macho alipima, akapima tena, akasema haoni ugonjwa. "Basi sisi wawili hatuoni," mama akamwambia, na muuguzi akashindwa kuzuia kicheko. Lakini njiani alikuwa akimkamata mwanawe mkono kwa nguvu, na kwa sauti ya chini akauliza, "Nisipoona, nitakuwa nani mimi?" Kifutio akamwongoza kuvuka barabara. Aliogopa, na kosa lilikuwa lake, na alilijua.

Mama mdogo, ambaye hajawahi kukutana na tatizo asilokuwa na namba ya simu ya mtu wa kulitatua, akaleta mganga. Alikuwa kijana, amekuja na pikipiki, helmeti kwapani. Akafukiza ubani, akanong'ona, akazunguka sebule, akasimama mbele ya kishikwambi.

"Kimo humu. Kivunjeni."

"Na macho ya mama yaliyomo humu je?" Kifutio akauliza.

Mganga akakohoa. "Binti, jini akitoka, mengine hupotea naye. Tushukuru uhai."

"Shukuru wewe. Macho si yako."

"Wewe mtoto, adabu," mama mdogo alinong'ona.

Mganga akanyoosha mkono akichukue kwa nguvu. Kioo kikawaka chenyewe, uso wa mama ukatokea, na yale macho yaliyochorwa yakaacha kumtazama Kifutio, yakahamia kwa mganga, polepole, kama mtu anayesoma kibao. Mganga hakuaga. Helmeti yake ilibaki juu ya kochi.

"Hata pesa hajachukua," alisema mama mdogo kwa sauti ndogo, akamshika dada yake mkono na kumpeleka chumbani.

Kifutio akabaki peke yake sebuleni mchana kweupe, mvua ikianza kugonga bati. Angeweza kukimbia, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akavuta kigoda, akakaa, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka mboni moja ikajaa kioo kizima. Ndani yake lilikuwemo dirisha. Kando ya dirisha alikuwemo yeye mwenyewe, kadogo, amejikunja juu ya kazi. Na nyuma ya bega lake kilikuwepo kitu kirefu kilichoinama ili kisiguse dari.

"Fundi," kilisema nyuma ya sikio lake. Sauti ilikuwa ya chini, yenye subira. "Mikono bado. Nikumalizie mikono."

Mikono ya mama. Damu ilimchemka hata hofu ikakosa pa kukaa.

"Nani alikuomba?"

"Ulipokea. Ukasifiwa. Bila mimi unafuta tu."

"Nafuta vyangu," akasema Kifutio. Akafungua ukurasa mpya.

Kalamu ilivutwa mkononi mwake, naye akaivuta, na mstari wa kwanza ukaenda kombo, akauacha kombo vilevile, akaongeza wa pili, akichungulia kwenye mboni na kurudi kwenye ukurasa, bega moja refu, shingo, kidevu kilichochongoka, huku pumzi yenye harufu ya nguo iliyoungua ikimpiga shingoni na kucha zikikwaruza kingo za kioo karibu na vidole vyake, na sauti ikimwambia kwamba amekosea uwiano, kwamba mkono wake ni mzito, kwamba darasa litacheka, mambo yote aliyokuwa akijiambia mwenyewe kila siku, ndiyo maana hayakumshtua. Na alipofunga mstari wa bega akasikia nyuma yake kitu kikijaribu kuinua bega na kushindwa, hapo akajua kwamba mlango kilioupitia kile kitu kuingia kazini mwake una pande mbili, akazidi kuchora, vibaya, haraka, bila kufuta hata mara moja, pua, mdomo, paji la uso, na pale panapokaa macho akapaka ngozi, laini, kutoka shavu hadi shavu.

Cherehani ikayumba. Kitu kilikuwa kimeigonga.

"Fundi," kilisema, na subira ilikuwa imekwisha. "Sioni."

"Najua."

"Niwekee macho."

"Rudisha ya mama kwanza. Ukirudisha, nitakuchora nayo."

Mvua ilipiga. Kucha zilipapasa meza, zikapapasa kingo za kigoda, zikasimama karibu sana na nywele zake. Kifutio hakugeuka.

Kwenye picha ya mama, macho yakafifia. Dirisha likatoka ndani ya mboni, kisha mboni, kisha kope, mpaka vikabaki viduara viwili vitupu.

Kutoka chumbani mama akasema taratibu, "Mdogo wangu, hilo shuka lako umelivaa ndani nje." Kisha wote wawili wakaanza kulia.

"Nimerudisha," kilisema kile kitu. "Nichore."

Kifutio akahifadhi picha ya kile kitu, akaifunga, akalaza kalamu juu ya meza.

"Umeahidi."

"Nimeahidi, na wewe uliingia bila hodi. Mlango uko kushoto."

Kisha kucha zikaanza kufuata ukuta, zikapita kalenda, zikapita kochi, zikapata fremu ya mlango, zikashuka ngazi za jengo moja baada ya nyingine, na jirani wa chini akasikika akiuliza kwa hofu ni nani huyo.

Macho ya mama aliyachora mwenyewe, na mama ameketi mbele yake. Yamechoka, moja dogo kuliko lingine kidogo. Mwalimu alisema amerudi nyuma. Kifutio alimjibu kwamba ndivyo mama yake anavyotazama, akaiwasilisha hivyohivyo na kupokea alama alizopewa.

Ile picha ya kile kitu hajaifuta. Siku za mvua husikika kitu mlangoni kikipapasa kitasa, hasa zile siku ambazo mkono wake umechora vizuri. Wenzake wakiiona humwambia ni kazi nzuri kuliko zake zote, inasikitisha kuiacha bila macho, kwani itamchukua muda gani kuimalizia.

"Dakika chache tu," huwajibu, na kuifunga.