Fundi Asiye na Mapigo

Walikutana kwenye duka la vitambaa lililofurika watu, kila mmoja ameng'ang'ania upande wake wa jora la hariri ya bluu. Mwanamke nesi wa gari la wagonjwa, mdomo wake hauna breki. Mwanamume fundi cherehani, mtanashati, koti pana mwilini hata jua likichoma. Fundi akaliachia jora, akaomba namba ya simu. Haikupita miezi mingi, nesi akawa hajiwezi kwa huba.

Lakini huyo fundi alikuwa na visa vyake. Kukumbatiwa hataki, koti havui. Tena kitu kikilia ndani ya koti, hukimbilia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, eti mteja kapiga. Mteja gani wa kila siku? Nesi hakuzaliwa jana.

Mchana mmoja akamwendea dukani, uso umekunjwa, ameshaamua kumwacha. Hata salamu haijaisha, mlio ukalia, na fundi akachomoka kwenda nyuma ya pazia. Nesi akasubiri kidogo, kisha akalivuta kwa nguvu amfume na huyo mwanamke wake wa simu.

Akamkuta chini. Koti wazi, waya umetoka tumboni, betri mbili sakafuni, kifaa kiunoni kinapiga kelele. Siku zote alizibadilisha moja moja. Leo, kwa haraka ya kumficha mpenzi wake siri hiyo, alizichomoa zote pamoja.

Nesi akagusa shingo, hakuna mapigo. Dada yake fundi, aliyekuwa duka la pili, akaingia mbio akilia.

"Mapigo hana hata akiwa mzima! Damu yake inasukumwa na pampu iliyo moyoni."

Nesi akazichomeka betri, akatega sikio kifuani. Pampu ikaanza kuvuma, lakini midomo ilishakuwa ya bluu na pumzi hakuna. Akaanza kumkandamiza kifua. Dada akamshika mkono, akihofia nesi ataing'oa hiyo pampu.

"Wifi, niache. Maiti haina haja ya pampu. Piga simu, gari lije."

Akakandamiza huku akimtukana, mwongo kwa kila mkandamizo, jasho na machozi vikimdondokea fundi usoni. Alikuwa na hasira ya kumuua mtu, na mtu mwenyewe ndiye huyo anayempigania asife. Hatimaye fundi akakohoa.

Wodini fundi alipopata sauti, alisema kwa upole, "Ningekwambia, ungeniacha."

"Nilikuja kukuacha leo, mpenzi. Kwa sababu hukuniambia."

Fundi akainamisha macho. Akaomba msamaha, akakohoa tena, kisha akaanza kuzungukazunguka na maneno ya posa. Nesi akamkata kauli.

"Usiniulize leo. Nina hasira. Nitakubali ili tu nikugombeze kila siku mpaka tuzeeke."

Fundi akamuuliza palepale.