Tonton Hakutaka Nifike Luvungi

Nina miaka ishirini na saba, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukavu. Wasomaji wenzangu, kama mama yako yuko hai na unajua anapolala, soma mkasa wangu ushukuru.

Papa alikufa mimi ningali ninanyonya. Mama yangu, Nabintu, niliambiwa alimfuata muda si mrefu. Nililelewa na Tonton Deo, mdogo wake papa. Alinilisha, alinisomesha... Ningemshuku vipi?

Mwaka huu nikachumbiwa. Wakwe wakauliza: upande wa mama atakuja nani? Sikujua hata mjomba mmoja! Bibi mmoja wa parokia yetu akaniambia kwamba wajomba zangu walihamia Luvungi, kule bondeni. Nikamwomba Tonton anipeleke. Akacheka.

"Twende, mutoto yangu. Na utaona inchi yetu, weye unajuaka Bukavu tu."

Tukaondoka asubuhi, yeye kwenye usukani, mke wake Maman Furaha nyuma. Kwenye kona za mlima Ngomo akasimamisha gari tupige picha. Kweli palipendeza! Bonde lote la Ruzizi lilikuwa chini yetu. Mbele kidogo akasimama tena. Na tena... Tulipofika Kamanyola, chini bondeni, tukala brosheti, yaani mishkaki ya mbuzi, mpaka jua likageuka. Nilipotaja Luvungi, akasema barabara ile haiaminiki jioni. Tukarudi. Nami, mjinga mimi, nikamshukuru kwa matembezi!

Juma lililofuata tukatoka tena, na kusimama kukawa kulekule. Safari hii tulifika mpaka kwenye mashamba ya mpunga, Luvungi ikawa karibu kabisa. Tonton akaanza kumweleza mkewe namna maji yanavyoingizwa shambani. Mimi nikavuka barabara kununua nyanya. Mama muuzaji akaniangalia usoni, mkono wake ukabaki hewani.

"Weye uko mutoto ya Nabintu?"

Nikamjibu kwamba Nabintu alikuwa mama yangu, marehemu.

"Marehemu? Nabintu iko muzima! Asubui amepita hapa, anaenda ku shamba."

Kabla sijauliza nyumba iko wapi, Tonton alikuwa amenishika mkono. "Ingia mu gari." Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. Mlango ukafungwa, gari likageuzwa. Nililia, nikapiga kioo, nikaomba anishushe... Tulipopanda Ngomo, Maman Furaha akanigusa bega, akaniita maman kama kwetu tunavyowabembeleza mabinti. "Angalia bonde, maman, tulia." Jamani! Ninatenganishwa na mama yangu, na mtu ananionyesha bonde?

Nyumbani ndipo Tonton aliposema. Papa alikufa ghafla, ukoo ukadai mama amemlisha sumu. Wakamfukuza, mimi wakanibakiza.

"Tulikulinda," akasema. "Yule mwanamuke akiingia mu ndoa yako, mimi sitakanyaga. Utatoka ku nyumba ya nani?"

Bila yeye, nani angepokea mahari? Nani angenisindikiza? Kila nilikogeuka kulikuwa na ukuta.

Siku chache baadaye nilipanda basi dogo peke yangu, bila kumuaga mtu. Yule muuza nyanya akanielekeza kwa wajomba zangu, nikamkuta mama uani kwao akipepeta mpunga. Nilipojitaja hakunikumbatia. Alirudi nyuma, ungo ukamwanguka.

"Mutoto yangu alikufa na surua," akanong'ona. "Deo mwenyewe alinionyesha kaburi."

Kaburi! Miaka yote hiyo mama alikuwa akipanda Bukavu kulilia kaburi la mtoto wa watu, huku mimi ninacheza mitaa michache tu kutoka pale... Ilibidi aniguseguse uso kama kipofu ndipo akaanza kulia.

Leo harusi yangu imesimama. Wakwe wanamtaka Tonton, Tonton hataki kusikia jina la mama. Bado ninalala kwake na kula chakula chake, kwa maana mwali kwetu hahami tu kwa walezi wake kabla ya kuolewa. Mama ameniambia, "Olewa, maman. Mie nimezoea kukosa." Nimekataa. Siolewi mama yangu akiwa amefichwa!

Ndugu zangu, msimkabidhi mtu mwingine safari ya kutafuta asili yenu, hata kama ndiye aliyewalea. Ulizeni zaidi ya mtu mmoja. Mkiambiwa ndugu zenu wako mahali fulani, nendeni kwanza mkawasalimu; kutembea kutafuata. Nimempata mama yangu akiwa na mvi, na hata chakula anachopenda ninamuuliza kama mgeni.