Pengo la Devotha Ukutani

Bonifasia wa Maguu alikuwa na mkono wa kuchora. Aliandika majina kwenye misalaba ya makaburi. Alichora majogoo na mikasi kwenye kuta za maduka. Asubuhi alichuma kahawa na mumewe, Hyasinti. Mchana alishika brashi. Walikuwa na mtoto mmoja, Devotha.

Devotha alipokuwa na miaka saba, Othmar, mwenye duka karibu na shule, alimwita Bonifasia.

"Mama Devotha, nichoree mtoto anayekula pipi," alisema. "Mchore chini, usawa wa macho ya watoto. Hao ndio wateja wangu."

Bonifasia alichora uso alioujua kuliko nyuso zote. Alimchora Devotha. Alimpa mashavu ya duara, kicheko kikubwa na pipi nyekundu mkononi.

Watoto walijaa pale. Wakamwita Devotha "Bibi Pipi". Othmar naye akawa anampa pipi kila asubuhi. "Mwenye ukuta wake huyo," alisema.

Devotha alilipenda jina hilo. Siku moja alisukuma sahani yake.

"Bibi Pipi hali maharage," alisema.

Bonifasia akacheka. Baadaye kicheko hicho kilimuuma kuliko mambo yote.

Miaka miwili ikapita. Gego moja la Devotha likatoboka. Usiku alilia, asubuhi akatafuna upande mmoja.

"Ni jino la utoto," alisema Hyasinti. "Litang'oka, litaota lingine. Sisi sote tuliota mengine."

Bonifasia akakubali. Alimpa mtoto maji ya chumvi asukutue. Mwishowe shavu likavimba na homa ikapanda. Walimpeleka hospitali, jino likang'olewa.

Jioni jirani yao Walburga alikuja kuwapa pole. Yeye alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji.

"Pole, mwanangu," alimwambia Devotha. "Fungua mdomo nione."

"Shikamoo, mama," alisema Devotha, kisha akafungua.

Walburga alilitazama pengo.

"Litaota lini lingine?" aliuliza Bonifasia.

"Halioti tena, Mama Devotha. Hili lilikuwa jino la ukubwani. Huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto. Haling'oi jino lolote ili lipate nafasi. Ndiyo maana wazazi wengi hawalitambui."

Bonifasia akakaa chini. "Angeletwa mapema?"

"Pengine lingezibwa."

"Na kilicholiozesha ni nini?"

"Sukari, dada. Pipi hukaa mdomoni muda mrefu. Vijidudu vya mdomoni hula sukari hiyo, vikatoa asidi inayotoboa jino. Apige mswaki kwa dawa ya meno asubuhi na kabla ya kulala. Na pipi isiwe chakula cha kila siku. Anayeshiba pipi hali maharage, na mwili hauwezi kukua kwa pipi."

Bonifasia alikuwa anauwaza ukuta.

Kesho yake alikwenda dukani na kopo la rangi. Akaipiga ile pipi alama kubwa nyeupe ya mkato, ya kukataza, akarudi nyumbani. Baada ya siku tatu Walburga alimshika mkono, wakasimama karibu na duka. Watoto wa darasa la awali walipita.

"Pipi ile," alisema mmoja, akaielekezea kidole. "Imefungwa utepe."

Walburga alicheka kidogo. "Umeona? Hawajui alama yako. Wanaona pipi tu. Usiwachoree cha kuacha. Wachoree cha kula, ili wakitamani."

Bonifasia alimwendea Othmar, akamwomba aifunike ile pipi na kuchora chakula.

"Utaniulia duka," alisema Othmar.

"Nilikuchorea vizuri mno, shemeji. Mwanangu amebaki na pengo. Niache nirekebishe kazi ya mkono wangu. Wewe weka karanga na ndizi mbivu mbele, uone."

Othmar alikuna kichwa. Naye alikuwa na wajukuu. "Haya. Chora."

Bonifasia hakuchora tufaha wala zabibu za vitabuni. Alichora sahani moja kubwa: ugali, usipa, wale samaki wadogo wa ziwani wenye kung'aa, maharage, majani ya maboga na kipande cha papai. Aliipaka rangi kali, pale pale chini, usawa wa macho, akaifunika picha ya zamani. Nyuma ya sahani akamchora Devotha upya, akicheka mdomo wazi, meno yote yakiwa meupe.

Devotha alitoka shule, akasimama kutazama.

"Huyo si mimi, mama," alisema.

"Ni wewe."

"Mimi nina pengo."

Bonifasia alichovya brashi ndogo kwenye rangi nyeusi. Aliupeleka mkono polepole, kama siku alipoandika msalaba wa mama yake. Akaweka pengo.

Siku hizi watoto wakifika dukani huuliza, "Devotha, jino lako liko wapi?" Naye huwaeleza mwenyewe, habari ya pipi na ya mswaki. Wengi hununua karanga. Wengine huwaambia mama zao, "Nataka usipa kama wa ukutani." Nyumbani kwao, Devotha husafisha sahani ya maharage mpaka chini.

Lakini mvua inaponyesha, rangi mpya hulowa, na ile pipi nyekundu huonekana kwa mbali chini yake. Bonifasia huchukua kopo lake akaipaka tena. Hamtumi mtu mwingine.